Mtafuteni Mtoto Aliyerudishwa

Hotuba kwa timu zinazokwenda kutathmini huduma za chanjo za watoto katika vituo vya afya vya vijijini

Ndugu mwenyekiti, wasimamizi wa chanjo, wauguzi wenzangu, na ninyi wahudumu wa afya ya jamii ambao kama kawaida yenu mmekaa nyuma kabisa (sogeeni mbele, viti vipo): asanteni kwa kuja.

Nimeombwa niseme nanyi kabla hamjaingia barabarani. Walionialika walitarajia niwapitishe kwenye fomu ya tathmini, ukurasa kwa ukurasa. Sitafanya hivyo. Fomu mnayo, mmeisoma, na maswali yake ni mazuri. Mimi nitazungumzia mtu mmoja ambaye hamtamkuta ndani ya fomu hiyo. Hamtamkuta kwenye rejista wala kwenye taarifa ya mwezi. Ni mtoto aliyeletwa kituoni akiwa anastahili chanjo, akarudi nyumbani bila chanjo.

Mtoto aliyechanjwa tunamwandika mara nne. Anaandikwa kwenye kadi yake, kwenye rejista, kwenye karatasi ya tali (ile ya kupigia vijistari vya kuhesabia), na mwisho wa mwezi anaingia kwenye taarifa. Mtoto ambaye hakuletwa kabisa tunaweza angalau kumkisia, kwa kulinganisha waliochanjwa na waliozaliwa. Huyu wa katikati, aliyebebwa mgongoni kilomita kadhaa, akakaa kwenye benchi, akaambiwa arudi siku nyingine, hana pa kuandikwa. Jioni kituo kinafungwa na kwenye karatasi zetu siku hiyo ni kama hakuwahi kufika.

Habari zake nazijua kwa sababu nimewahi kumrudisha mimi mwenyewe. Nilikuwa muuguzi mgeni kazini, katika kituo nisichokitaja kwa jina. Mama alikuja na mtoto wa miezi tisa, siku aliyoandikiwa kwenye kadi, wala hakuchelewa. Mtoto wa surua alikuwa huyo mmoja tu. Nikamwambia, "Mama, leo hatufungui chupa ya surua, watoto hawajatosha. Njoo Alhamisi." Akasema, "Haya, dada." Alhamisi akaja. Surua ilikuwa imeisha tangu Jumatano. Nikamwambia asubiri wiki ijayo, gari la dawa litakuwa limepita. Wiki iliyofuata hakuja. Baada ya mwezi nikamkumbuka, nikafungua rejista nimtafute ili mhudumu wa jamii amfuate nyumbani. Jina lake sikulipata. Kitabu cha watoto wa surua kilikuwa na majina ya waliochomwa tu, na yeye hakuchomwa. Nilikuwa nimemwona mara mbili uso kwa uso na sikuwa na hata herufi ya kwanza ya jina la mtoto wake.

Hadi leo sijui ilikuwaje. Wengine wangemalizia kisa hiki kwa kifo cha mtoto, ili mhuzunike. Mimi nakiacha pale kilipoishia, kwa sababu kutokujua kwangu ndiyo kasoro ninayotaka muitafute kesho.

Sasa nipanue kidogo. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kupanua chanjo mwaka 1974, wakati huo ukiwa na magonjwa sita: kifua kikuu, dondakoo, kifaduro, pepopunda, polio na surua. Mpango ulipotimiza miaka 50, watafiti walikadiria kwamba chanjo zimeokoa maisha ya watu milioni 154 katika nusu karne hiyo, na kati ya hao chanjo ya surua peke yake iliokoa milioni 94 hivi. Hakuna kazi nyingine ya afya ya mtoto yenye hesabu kama hiyo. Kwa hiyo mkienda huko msiende kama watu wanaotafuta aibu. Mnaingia katika nyumba iliyojengwa vizuri, kutafuta panapovuja.

Panavuja wapi? Makadirio ya mwaka 2024 yanaonyesha kwamba watoto wachanga karibu milioni 20 duniani walikosa angalau dozi moja ya chanjo yenye kinga ya dondakoo, pepopunda na kifaduro. Kati yao milioni 14.3 hawakupata hata dozi ya kwanza. Hao ndio wanaosemwa kila mkutano, na ni haki wasemwe, kwani wengi wao wako mbali na kila huduma, au katikati ya vita. Lakini ondoeni milioni 14.3 kwenye milioni 20, mbaki na watoto milioni 5.7. Hawa walianza, kisha hawakumaliza. Mama zao njia ya kituo wanaijua na kadi walishapewa. Mtoto alishachomwa paja akalia, na mama akambembeleza. Kisha safari zikakatika. Hatuwezi kusema mama wa aina hii anakataa chanjo au haijui. Kuna jambo lilitokea kati ya safari moja na nyingine, na mara nyingi jambo hilo lilitokea ndani ya kituo.

Kwenye fomu zenu watoto hao wanaitwa watoro. Neno hili silipendi, na naomba mnivumilie nieleze. Mtoro ni mtu aliyekimbia. Ukishamwita mama mtoro, tathmini imekwisha kabla haijaanza, kwa maana umeshaamua kosa ni la nani. Kokotoeni kiwango hicho, ni lazima, ila someni jina lake kama "waliotuponyoka". Hesabu yenyewe ni rahisi. Chukua watoto waliopata dozi ya kwanza ya penta (ndiyo hiyo chanjo yenye kinga ya dondakoo, pepopunda na kifaduro), toa waliopata penta ya tatu, gawa kwa wale wa kwanza, zidisha kwa 100. Tuseme kituo kilichoma penta ya kwanza kwa watoto 120 na ya tatu kwa 90: wameponyoka 30, yaani asilimia 25. Ikizidi asilimia 10, tunasema kituo kina tatizo la kuwashika watoto. Fanyeni hesabu hiyo hiyo kati ya penta ya kwanza na surua ya kwanza. Kati ya umri wa wiki 14, wa penta ya tatu, na umri wa miezi tisa, wa surua, kuna kipindi kirefu ambacho kwa kawaida mama hana miadi ya chanjo, na hapo ndipo wengi hupotea. Ikitokea hesabu ikawa hasi, yaani waliomaliza ni wengi kuliko walioanza, msishangilie. Ama kuna watoto waliohamia kutoka kwingine, ama kuna mtu aliyeandika asichokifanya.

Sasa nifike kwenye chupa, na hapa nitakaa.

Chanjo ya surua huja ikiwa unga, na vichupa vingi vina dozi 10, ingawa vya dozi 5 navyo vipo. Ukishachanganya unga huo na maji yake, una saa sita, au hadi mwisho wa kliniki ya siku hiyo, kinachotangulia kati ya hayo mawili. Baada ya hapo unatupa, hata kama zimebaki dozi tisa. BCG, ile ya kifua kikuu, ni hivyo hivyo. Hizi hazifanani na penta au matone ya polio, ambayo kichupa kilichofunguliwa kinaweza kutumika hadi siku 28 kikitunzwa sawasawa. Kwa hiyo muuguzi aliye peke yake kijijini, mbele yake mtoto mmoja na kichupa cha dozi 10, anapiga hesabu. Anakumbuka safari iliyopita msimamizi alipofungua kitabu cha chanjo, akaona zimetupwa nyingi, akauliza kwa sauti: "Hizi dozi zote zimekwenda wapi?" Anamtazama mama. Anasema njoo Alhamisi.

Ndugu zangu, msimamizi yule ni sisi. Mwongozo unasema kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Sisi wenyewe tunaufundisha hivyo darasani, kisha tunakwenda kituoni kumgombeza mtu kwa kuufuata. Muuguzi si mjinga. Anajifunza kile anachogombezewa.

Ndiyo maana nataka kesho msome safu ya upotevu, ile ya dozi zilizotupwa, kinyume na mlivyozoea. Kituo kidogo kilichofungua vichupa 10 vya surua kikachanja watoto 62 kimepoteza dozi 38 katika 100. Mkiona hivyo, msikunje uso. Ulizeni kliniki ilikuwa na siku ngapi na watoto wangapi kila siku, na mara nyingi mtagundua ndivyo inavyopaswa kuwa mahali penye watoto wachache. Ila mkikuta kituo cha kijiji chenye watoto wachache na upotevu wa surua uko karibu na sifuri, mwezi baada ya mwezi, hapo ndipo mvute kiti mkae. Watoto wa kijiji hawazaliwi kumi kumi. Kama kila kichupa kimeisha kabisa, basi kuna akina mama waliosubirishwa hadi wakatimia kumi, na katika kusubirishwa huko lazima wapo waliokata tamaa. Kituo hicho ndicho huenda kinapewa cheti cha utunzaji bora wa chanjo. (Naona mkuu mmoja pale anatabasamu, nadhani cheti anacho.)

Kupanga siku maalumu ya surua si dhambi, kama mama ameambiwa mapema na siku imeandikwa kwenye kadi yake. Kinachouma ni kumwandikia mama tarehe ambayo sisi wenyewe tunajua hatutafungua kichupa. Tazameni hilo: chukueni kadi tano za watoto mtakaowakuta kwenye benchi, mlinganishe tarehe ya kurudi iliyoandikwa na siku ambazo kituo hutoa chanjo hiyo.

Njia ya pili ya kumrudisha mtoto ni kumwambia anaumwa. Mtoto ana mafua, mwili una joto kidogo, tumbo limeharisha jana, na muuguzi kwa huruma kabisa anasema, "Akipona umlete." Hakuna kati ya hayo kinachozuia chanjo. Mtoto mgonjwa sana anayehitaji kulazwa anatibiwa kwanza, na aliyepata mzio mkali baada ya dozi iliyopita harudiwi chanjo hiyo. BCG haipewi mtoto mwenye dalili za UKIMWI. Orodha ya vizuizi vya kweli ni fupi mno. Orodha ya vizuizi tulivyojitungia haina mwisho: mtoto ni mdogo wa mwili, sindano tatu kwa siku moja ni nyingi, mama hakuja na kadi, mtoto amepitwa na umri. Hii ya mwisho inanikera kuliko zote. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyechelewa penta ya pili haanzi upya, na wala hajapitwa. Anaendelea pale alipoishia, mradi wiki nne zimepita tangu dozi iliyotangulia. Lakini nimesikia kwa masikio yangu mama akiambiwa, "Ulikuwa wapi siku zote?" mbele ya benchi zima. Mama aliyeulizwa hivyo hajibu. Anamfunika mtoto, anaondoka, na jirani zake watatu waliokuwa wamekaa hapo wanakwenda kusimulia kijijini.

Hilo la kufokewa halina kisanduku kwenye fomu yenu. Liandikeni pembeni.

Kuna pia mtoto anayerudishwa bila yeyote kujua kwamba amerudishwa. Huyu hakuja kwa ajili ya chanjo. Ameletwa na kikohozi dirisha la wagonjwa wa nje, au amemsindikiza mama yake kliniki ya wajawazito, au ni mdogo wake anayepimwa uzito. Chumba cha chanjo kiko hatua ishirini kutoka hapo. Hakuna aliyeuliza kadi. Anapewa dawa ya kikohozi na kuondoka, penta ya tatu ikiwa imempita kwa miezi miwili. Kila timu imtoe mtu mmoja akae dirisha la wagonjwa wa nje kwa saa mbili, asifanye lolote ila kuhesabu: watoto wangapi wa chini ya miaka miwili wamehudumiwa, na wangapi wameulizwa kadi. Ni kazi ya kuchosha. Sijaona nyingine inayofundisha zaidi yake katika muda mfupi hivyo.

Jokofu nitalipita haraka, maana hilo mnalijua na wengi wenu hulikimbilia kwanza kwa kuwa halina maneno mengi kama binadamu. Joto kati ya nyuzi 2 na 8, lisomwe mara mbili kwa siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Karatasi yenye 4 asubuhi na 4 jioni mwezi mzima, kwa kalamu moja na mwandiko uliotulia, imeandikwa kwa kikao kimoja. Linganisheni na kifaa kinachotunza kumbukumbu za siku 30, kama kipo. Tazameni kile kiduara chenye mraba ndani yake kwenye kila kichupa: mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni salama kwa upande wa joto, ukishalingana na duara, kichupa hakitumiki. Nasema kwa upande wa joto kwa sababu alama hiyo haisemi chochote kuhusu kuganda. Watu wetu wanaogopa joto kuliko baridi, wanabana vifuko vya barafu kwenye kibebeo cha chanjo vikiwa vigumu kama jiwe, na penta, ya nimonia, ya pepopunda na ya homa ya ini zinaganda zikiwa njiani kwenda huduma ya mkoba, ile ya kuwafuata watoto vijijini. Chanjo iliyoganda ikayeyuka inaonekana nzima machoni, na mtoto atachomwa, ataandikwa, atahesabiwa, wala hatakuwa na kinga ya kutegemea. Muombeni muuguzi awaonyeshe anavyoandaa kibebeo asubuhi. Msimuulize, mtazameni. Vifuko vinapaswa kuachwa nje hadi ukivitikisa usikie maji yakicheza ndani. Akiwa na wasiwasi na kichupa, aonyeshe jaribio la kutikisa, la kujua kama chanjo iliganda. Kama hajawahi kufundishwa, kaeni mumfundishe hapo hapo.

Ila jokofu linahusiana na mtoto wangu wa leo kwa jambo moja: chanjo ikiisha. Tafuteni kwenye kitabu cha stoo siku ambazo salio lilikuwa sifuri, kisha mtafute kwenye rejista kilichotokea siku hizo. Kuna ujanja mdogo wa hesabu nitawapa. Penta ya tatu na ya tatu ya nimonia kwa kawaida hutolewa siku moja, kwa mtoto yule yule wa wiki 14, moja paja hili na nyingine lile. Basi jumla zake za mwaka zinapaswa kukaribiana sana. Zikiachana kwa mbali, aidha moja iliisha stoo, aidha kuna mtu haandiki, aidha kuna muuguzi anayeogopa sindano mbili. Takwimu hazitawaambia ni lipi kati ya hayo. Zinawaelekeza swali la kuuliza, na jibu mtalipata kwa mtu.

Nikiwa kwenye takwimu, mtakutana na kituo kilichochanja asilimia 130 ya watoto wake. Hakuna miujiza hapo. Idadi ya watoto lengwa imekokotolewa kutoka sensa ya miaka mingi iliyopita, watu wamehama na kuhamia, au akina mama wa kituo jirani wamegundua kwamba hapa hawafokewi. Jirani yake naye atakuwa na asilimia 55, na atakuwa anagombezwa. Kabla ya kumsifu mmoja na kumlaumu mwingine, wekeni vituo hivyo viwili kwenye karatasi moja. Kisha chagueni mwezi mmoja, hesabuni kwa vidole watoto wa penta ya tatu kwenye rejista, mlinganishe na taarifa iliyopelekwa. Rejista ikiwa na watoto 84 na taarifa inasema 105, basi katika kila watoto kumi waliotajwa mmewaona wanane. Pengine hakuna aliyedanganya: karatasi ya tali huhesabu mkoba, na mkoba huandikwa daftari jingine lililobaki kwenye begi la mtu. Ulizeni begi liko wapi.

Kuhusu mkoba, nitasema moja. Ratiba imebandikwa ukutani, vijiji vimeandikwa, tarehe zimepigiwa mstari. Ulizeni ni safari ngapi zilipangwa katika miezi mitatu na ngapi zilifanyika. Kila safari iliyoahirishwa kwa kukosa mafuta ya pikipiki, au kwa mto kujaa, au kwa muuguzi kuitwa semina (na semina nyingine ni zetu), ina watu waliosubiri mahali fulani mpaka jua likawageuka. Hao nao wamerudishwa, tena wote kwa pamoja, na hapakuwepo hata wa kuwaambia pole. Safari ijayo watakaokuja watakuwa nusu, nasi tutaandika kwamba mwamko wa jamii uko chini.

Sasa mnampataje mtu ambaye hakuandikwa popote? Mnamsubiri mlangoni. Mtu mmoja wa timu asimame karibu na lango, mbali na macho ya muuguzi, awasalimu akina mama wanaotoka. Asianze na fomu. Aulize maswali yanayojibika kwa mtu mwenye mtoto mgongoni: leo mtoto amepata nini? Anarudi lini? Akichemka usiku utafanyaje? Mama aliyehudumiwa vizuri atajua tarehe, atajua kwamba joto kidogo na uvimbe pale alipochomwa ni maudhi madogo yanayopita, na atajua kwamba akirudi aje na kadi. Asiyejua amechomewa mtoto bila kuzungumza na mtu. Kisha swali la nne, la mwisho, lisemwe taratibu: umewahi kuja hapa ukarudi bila mtoto kuchanjwa? Mkisha kuliuliza, nyamazeni. Msimsaidie kujibu. Mimi nimejifunza kwamba jibu la kweli huja baada ya ule ukimya ambao msimamizi mwenye haraka huujaza kwa swali la tano.

Halafu tokeni kituoni. Wahudumu wa jamii, hapa ninyi ndio viongozi wa msafara na sisi wenye vitambulisho shingoni tunafuata nyuma. Tembeleeni nyumba 20 zenye watoto wa kati ya miezi 12 na 23, na msianzie zile za barabarani. Nendeni kule njia inakoishia. Nyumba 20 hazitawapa asilimia ya kutangaza, msije mkaiandika kama utafiti. Kwa asilimia ya kuaminika kuna sampuli zake na wataalamu wake. Nyumba 20 zitawapa sababu. Ombeni kadi. Kama hakuna, tazameni kovu la BCG, sikilizeni kumbukumbu ya mama. Mkimpata mtoto aliyepungukiwa, ulizeni kwa nini, muandike maneno aliyoyasema mama kama alivyoyasema. "Hana uelewa" si maneno ya mama yeyote. Hayo ni maneno yetu.

Naomba sasa niseme na wasimamizi peke yao, ingawa wote mtasikia. Mtawakuta wauguzi wawili wanaozalisha, wanatibu, wanachanja, wanajaza vitabu lukuki, na mmoja yuko likizo. Gari lenu likisimama watashtuka. Kama saa ya kwanza mtaitumia kufungua kabati na kupiga picha, mtapata vitabu vilivyonyooka na ukweli uliojificha. Kaeni kwenye benchi kwanza. Semeni mmekuja kujua ni nini kinawafanya wamrudishe mama, na mseme sisi tumechangia nini. Mimi nikifika kituoni huanza na kisa changu kile cha Alhamisi. Sijawahi kukisimulia bila muuguzi kunijibu na chake.

Na msiondoke na matokeo mfukoni. Kabla gari halijawashwa, kaeni na wafanyakazi wa kituo muwaambie mlichokiona, zuri na baya, chagueni pamoja mambo mawili yanayoweza kubadilika bila fedha kutoka juu, mkubaliane nani atayafanya na lini mtarudi. Mawili yanatosha. Nimeona ripoti zenye mapendekezo 27 na sijaona kituo kilichoyatekeleza 27. Yale yanayohitaji fedha, jokofu bovu, pikipiki isiyo na tairi, ni ya kwenu kuyabeba. Msimwachie muuguzi barua ya kujiandikia.

La mwisho. Pale mezani karibu na mlango kuna madaftari matupu, moja kwa kila kituo. Hayana nembo wala safu zilizochapwa, nimekataa yachapwe. Kila kituo kitaandika humo jina la mtoto yeyote aliyeletwa akaondoka bila chanjo aliyostahili, kijiji chake, sababu, na siku ya kumfuata. Mstari mmoja kwa mtoto. Daftari halitapelekwa ngazi ya juu na halitatumika kumhukumu mtu, na hilo nimeomba lisemwe na mwenyekiti mwenyewe kesho kwenye kila kituo, kwa mdomo wake, kwani nikilisema mimi halina uzito. Nilipoanza kulitumia daftari kama hilo kituoni kwangu, wiki ya kwanza tuliandika watoto 11. Tulikuwa tunaapa kwamba hatumrudishi mtu.

Magari yanaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Timu zinazokwenda ng'ambo ya mto ziondoke saa kumi na moja, maana kivuko hakisubiri. Kila mtu achukue daftari lake kabla ya kwenda kulala.